Kadari na maswali yanayozimwa msibani

Misibani hapa Tanga neno kadari hutamkwa kwa nia njema, lakini mara nyingi huwahishwa mno, likazima maswali ambayo dini yenyewe inataka yaulizwe. Nililiona hilo Ngamiani, katika msiba wa kijana wa bodaboda aliyejibamiza usiku kwenye lori bovu lililoachwa katikati ya njia bila taa. Tulikuwa tumeketi mkekani, kahawa inazungushwa, mjomba wa marehemu akauliza mwenye lori ni nani na kwa nini hakutandaza hata majani ya miti barabarani kuwatahadharisha wenzake. Mzee mmoja akamkatiza: "Mwanangu, shukuru Mungu. Hiyo ni kadari, na ajali haina kinga." Yule bwana akainama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kuamini kadari, ya heri na ya shari, ni nguzo ya sita ya imani katika hadithi mashuhuri ya Jibril, na Mwislamu hana ruhusa ya kuiondoa. Lakini tutazame neno lilikotoka. Mzizi wake wa Kiarabu umebeba maana mbili, kupima na kuweza, na kutoka huko sisi tumepata kadiri, makadirio na kudura. Sura ya al-Qamar, aya ya 49, inasema kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Kitu kilichopimwa kina sababu zake, mpaka wake na matokeo yake, na taa ya lori ni miongoni mwa sababu hizo. Hata ajali, tunayoitumia leo kwa magari kugongana, asili yake ni ajal, yaani muda uliowekwa, na ndiyo maana methali ile inasikika kama hukumu isiyokatiwa rufaa.

Waislamu wa kale walilijadili jambo hili kwa gharama kubwa. Wapo watawala wa Banu Umayya, ukoo uliotawala dola ya Kiislamu baada ya makhalifa wanne wa mwanzo, wanaotajwa kuwa waliutetea utawala wao kwa hoja kwamba Mungu ndiye aliyeuandika, na Ma'bad al-Juhani wa Basra, aliyeshikilia kwamba mwanadamu ndiye mwenye matendo yake, aliuawa. Wafuasi wa rai yake waliitwa Makadaria. Waliosema mwanadamu hana hiari yoyote wakaitwa Majabaria. Wanazuoni wa Sunna walizikataa rai zote mbili, na al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, alieleza kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake, hivyo huulizwa kwalo.

Mimi hunitosha zaidi kisa cha Sayyidna Umar. Alipokuwa safarini kwenda Sham, yaani nchi ya Syria na jirani zake, alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Alishauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi lake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu, akamuuliza: ukiwa na ngamia bondeni, upande mmoja una malisho na mwingine ni mkavu, je, popote utakapowachunga si kwa kadari yake? Aliyesema hayo alikuwa khalifa mwenye dhamana ya roho za watu, na imani yake ya kadari ndiyo iliyomrudisha nyuma pamoja nao.

Sikatai kwamba mfiwa anahitaji kuliwazwa. Sura ya al-Hadid, aya ya 22 na 23, inatueleza kwamba msiba umeandikwa kabla ya kutokea, ili tusihuzunike kwa kilichotupotea, na mama wa yule kijana alistahili kuambiwa hivyo usiku ule. Mwenye lori hakustahili kinga hiyo hiyo. Katika sura ya an-Nisaa, aya ya 92, aliyeua kwa kukosea, bila kukusudia hata chembe, amewajibishwa kumwacha huru mtumwa Mwislamu na kuwapa diya, yaani fidia ya damu, watu wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na asiye na uwezo wa kumpata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Diya haiwezi kudaiwa wala kusamehewa bila kujulikana nani alisababisha kifo, na hilo ndilo hasa alilokuwa akiliuliza mjomba.