Namba ya boksi isibebeshwe mzigo

Wengi wanaopanga nyaraka kwa mara ya kwanza wanataka namba ya boksi iseme kila kitu. Idara, mwaka, chumba, rafu, yote yanabanwa kwenye alama moja ndefu: FED-1987-CH2-R14-03. Inapendeza kweli. Halafu idara inabadilishwa jina, boksi linahamia chumba kingine, na ndani inakutwa barua ya 1991. Lebo imeshageuka mwongo, na ukiibadilisha, mtafiti aliyeinukuu zamani anakuwa amewaelekeza wasomaji wake pasipo na kitu.

Kwangu mimi, namba itambulishe, basi. Maelezo yakae kwenye orodha. Mahali boksi lilipo paandikwe kwenye daftari la rafu, na boksi likihama ni daftari linalorekebishwa. Hata ISAD(G), kanuni za kimataifa za kuelezea nyaraka, zinadai mambo matatu tu kwenye alama ya rejea: nchi, taasisi, na alama ya humo ndani. Rafu haimo.

Penye ubishi ni majalada. Wengi huanza upya na 1 kila boksi. Mimi napendelea namba ziende mfululizo mkusanyo mzima, kwa sababu maboksi hufurika. Ukilazimika kuhamisha majalada manne kutoka boksi la 5 kwenda la 6, jalada la 46 linabaki la 46. Namba zikianza upya kila boksi, unafuta na kuandika upya, na orodha nzima inayumba. Nyaraka zikiongezeka baadaye, zipewe namba zinazofuata. Mpangilio wa kimantiki utaonekana kwenye orodha, si lazima uonekane kwenye rafu. Na jalada likiondolewa, namba yake isirithiwe na jingine.

Namba za kudumu ziandikwe mwisho, upangaji ukishakamilika. Kabla ya hapo, vipande vya karatasi vyenye namba za muda vinatosha.

Kwenye jalada tumia penseli laini, na uandike kabla hujaingiza karatasi, la sivyo mkandamizo unaacha alama kwenye nyaraka zenyewe. Picha huandikwa nyuma, pembeni, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Lebo za gundi nazo siziamini: gundi hukauka, lebo hudondoka, kwa hiyo andika namba kwa penseli kwenye boksi lenyewe pia, hapo hapo chini ya lebo.