Programu haijakataa bei, ni wewe hujaipa

Imerudi tena ile kauli kuhusu GnuCash, programu ya bure ya kutunza hesabu: "GnuCash haifai kwetu, haivuti bei za hisa za Dar." Kila mwaka Shaabani ikielekea kuisha, watu wanapoanza kuhangaikia hesabu za zaka, lazima atokee mtu aiseme, na nyuma yake wapange safu wa kuitikia amina. Dawa inayotolewa nayo ni ileile: lipia programu ya dola kadhaa kwa mwezi. Ukishalipa, ukaandika TPCC, alama ya sokoni ya Saruji ya Twiga, kwenye kisanduku cha kutafutia, ama unaletewa kampuni ya ng'ambo usiyoijua, ama huletewi kitu. Hongera.

Niseme la haki kwanza, kwa shingo upande: ni kweli haivuti. GnuCash huazima bei kupitia moduli iitwayo Finance::Quote, na hiyo inakwenda kuchota kwenye tovuti kama Yahoo. Yahoo ina Johannesburg, mwisho wa alama wanaweka .JO, ina Cairo, wanaweka .CA. Dar haimo. Mwenye hisa za Marekani na abonyeze kitufe chake cha kuvuta bei, alale. Sisi wengine tuna kazi ya mkono, na ninachobishia ni kuigeuza kazi hiyo kisingizio. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lina kampuni kama thelathini tu. Mtu wa kawaida hapa Unguja ana hisa za kampuni tatu, nne akijitahidi. Bei nne, mara moja kwa mwezi, ni mistari 48 kwa mwaka. Daftari la madeni la duka la mtaani linaipita idadi hiyo kabla wiki haijesha.

Na usipoingiza, usidhani programu itanyamaza. Siku unapoandika muamala wa kununua, GnuCash inaihifadhi bei ya muamala huo kwenye hifadhi yake ya bei, na itaendelea kuitaja hiyo hiyo mpaka uipe nyingine. Aliyenunua NMB kwa 600 zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, akaiacha hivyo, ripoti yake bado inasoma 600. CRDB ya 2009 inasoma 150. Voda ya 2017 inasoma 850, na huyo ndiye aliyejiona hajapoteza kitu bei iliposhuka. Tumezoea karafuu: ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inatangaza bei kwa daraja, msimu mzima unauza kwa bei hiyo, ukikaa Wete au Mkoani ni ileile. Hisa haina mtangazaji. Ukiiandika mara moja ukaisahau, unachosoma ni historia ya siku uliyokuwa na pesa mfukoni.

Sasa nije kwenye zaka, maana hapo ndipo uzembe wa bei unapouma.

Kiwango kinajulikana: nisabu (kima cha chini cha mali inayopasa zaka) ya gramu 85 za dhahabu, hauli (mwaka mwandamo wa kuimiliki) ikitimia unatoa asilimia 2.5. Kwa mwenye hisa za biashara ya kununua na kuuza, thamani ni bei ya soko ya siku ile. Wenye kuziweka kwa muda mrefu wana hesabu nyingine, na wenye hisa za benki za riba au za bia wana mjadala wao. Hao wakawaone masheikh, hapa si darsani. Ninachozungumzia mimi ni maneno mawili tu: "siku ile".

Chukua Ramadhani ya 1446. Kuna waliofunga Jumamosi, tarehe 1 Machi 2025, na kuna waliofunga Jumapili, tarehe 2. Ule ugomvi wetu wa mwezi, tunaujua. Kwa mwenye hisa ulipaswa usiwe na maana yoyote, kwa sababu Jumamosi na Jumapili soko limefungwa, na bei ya mwisho kwa wote wawili ni ya Ijumaa, 28 Februari. Hebu mfikirie mume aliyefunga Jumamosi na mke aliyefunga Jumapili, kila mmoja ana hisa 2,000 za Twiga, kila mmoja ameingiza bei zote za Ijumaa na za Jumatatu, tena kutoka faili moja. Wanatoa ripoti ya tarehe 1 Ramadhani. Majibu hayalingani.

Mchawi ni mpangilio mmoja ndani ya ripoti, chanzo cha bei. Ukiuacha kwenye bei iliyo karibu zaidi na tarehe ya ripoti, programu inapima umbali mbele na nyuma. Kutoka Jumamosi, Ijumaa iko karibu kuliko Jumatatu, kwa hiyo mume anapata ya Ijumaa. Kutoka Jumapili, Jumatatu ndiyo karibu, kwa hiyo mke anahesabiwa zaka kwa bei ambayo siku ile haikuwepo duniani. Fitina ya mwezi imeingia mpaka kwenye kompyuta! Tuseme Ijumaa ilifunga 4,260 na Jumatatu 4,300. Tofauti ni shilingi 80,000 kwenye thamani, shilingi 2,000 kwenye zaka. Utacheka, yote haya kwa elfu mbili? Cheka. Lakini makosa hayo yangekuwa yaleyale kwa aliye na hisa laki mbili, na hasara kubwa ni kuwa wote wawili wataamini wako sahihi. Matoleo mapya ya GnuCash yana chaguo jingine, bei ya mwisho mpaka tarehe ya ripoti. Fungua ripoti, ingia kwenye Options, ukurasa wa Commodities, badilisha Price Source iwe "Last up through report date", kisha hifadhi mpangilio wa ripoti usije ukaufanya upya kila mwaka. Mume na mke wanarudi kwenye Ijumaa.

Programu ya kujivutia bei isingekuonya hata kidogo juu ya hilo.

Basi faili lenyewe, lile la bei utakaloliingiza kwenye GnuCash (CSV, yaani maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa alama). Ripoti ya siku ya soko kwa kawaida huja kwa PDF, na ukinakili jedwali la PDF ukalibandika kwenye Excel linakuja kama samaki waliomwagwa. Wenye Linux wana pdftotext ya kugeuza PDF kuwa maandishi, ukiiendesha kwa chaguo la -layout safu zinabaki mahali pake. Wengine Tabula, programu ya kuchota majedwali ya PDF, inatosha, ni ya bure. Kwa bei nne, kusema kweli, andika kwa mkono; utamaliza kabla Tabula haijafunguka. Unachotaka ni hiki (bei ni za mfano; SWIS ni Swissport):

tarehe;alama;soko;bei;sarafu
2025-02-28;TPCC;DSE;4260.00;TZS
2025-02-28;SWIS;DSE;1300.00;TZS

Tazama nukta mkato. Sikuiweka kwa urembo. Ripoti inaandika 4,260.00, na ukiacha koma ya maelfu ndani ya faili linalotenganishwa kwa koma, programu inasoma 4 kama bei, na 260.00 inasukumwa kwenye safu ya sarafu. Ukibahatika inagoma. Usipobahatika, yaani ile safu iliyopokea 260.00 hukuipa jina, inapokea kwa moyo mkunjufu na Twiga yako inauzwa shilingi nne. Ondoa koma zote za maelfu kwanza, halafu tenganisha kwa nukta mkato, halafu ndani ya GnuCash chagua muundo wa namba ambao nukta ndiyo desimali.

Tarehe ni mwaka, mwezi, siku, kwa dashi. Msinibishie hapa. Excel iliyopangwa kwa Marekani ikikuta 1 Desemba 2023 inaandika 12/01/2023, na GnuCash uliyoiambia siku kwanza inasoma 12 Januari. Kosa hili halipigi kelele, linapachika bei ya Desemba karibu miezi kumi na moja nyuma. Ila sisi tuna kipimo ambacho wenzetu hawana: 12 Januari ni Mapinduzi, soko limefungwa. Ukifungua hifadhi ya bei ukakuta bei ya tarehe 12 Januari, usiulize zaidi, tarehe zako zimegeuka. Futa, rudia.

Kabla ya kuingiza, hisa lazima iwe inajulikana. Nenda Tools, kisha Security Editor, ongeza: jina kamili, alama TPCC, na kwenye aina andika mwenyewe DSE, kwani kwenye orodha hukuti. Kipande kidogo kabisa ni 1, maana nusu hisa haiuzwi. Kisanduku cha kuvuta bei mtandaoni kiache kitupu, la sivyo kila ukijaribu kuvuta itakuletea malalamiko. Herufi za alama na za soko kwenye faili ziwe zilezile. "DSE " yenye nafasi mwishoni, uliyoinakili bila kuiona, ni rahisi kukusumbua usiku mzima.

Halafu File, Import, Import Prices from a CSV file. Chagua nukta mkato, ruka mstari mmoja wa juu, muundo wa tarehe y-m-d. Kila safu ipe jina lake: tarehe ni Date, alama ni From Symbol, soko ni From Namespace, bei ni Amount, sarafu ni Currency To. Mstari wenye kasoro unaonekana hapohapo, usiuruke kwa kudhani utajirekebisha. Mwisho inakutajia ngapi zimeongezwa, ngapi zimejirudia, ngapi zimebadilishwa. Hiyo hesabu isome! Umeingiza nne, inasema moja imeongezwa na tatu zimejirudia: tatu hazikuingia, kwa sababu tarehe hiyo tayari ina bei na hukutia alama ya kuruhusu kufuta za zamani. Na nakili faili la hesabu zako kabla ya yote, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma.

Kuna mtego mwingine unaoanzia kwenye muamala, nao ni ada ya dalali. Ukiijumlisha kwenye bei ya hisa badala ya kuiwekea mstari wake wa gharama, bei inayohifadhiwa siku hiyo inapanda bila soko kupanda, na baadaye unaingiza bei sahihi ya siku ileile, inakataliwa kwa kuwa "imejirudia".

Wanaotumia hledger, programu ya hesabu za maandishi matupu, wananicheka, wao mstari ni "P 2025-02-28 TPCC 4260 TZS" na wamemaliza. Wacheke. Portfolio Performance, programu nyingine ya kufuatilia hisa, nayo inataka faili moja kwa kila hisa, safu mbili tu, tarehe na bei. Vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ingiza kwa desimali nne na kipande kidogo cha 1/10000, na tumia bei ya kuvirudisha, siyo ya kuvinunua. Gawio haliingii kwenye bei, ni mapato, lina mahali pake na kodi yake ya asilimia 5.

Sababu yangu kubwa ya kupenda mkono, hata hivyo, ni safu ambayo hakuna anayeiingiza: idadi ya hisa zilizouzwa. Kuna kampuni kwenye soko letu zinazokaa siku nyingi bila hisa moja kubadilisha mikono, na ripoti inaendelea kuandika bei ya kufunga ileile, kila siku, safi kabisa. Mashine ingeipiga muhuri wa tarehe ya leo. Ndani ya hesabu zako ungekuwa na bei ishirini mpya zisizo mpya hata moja. Nguru akiuzwa mnadani Darajani mwezi uliopita, huwezi kuja leo ukasema bei ya nguru ndiyo hiyo kwa kuwa tangu siku ile hajaletwa mwingine. Kwa hiyo kanuni ni hii: idadi ikiwa sifuri, usiingize. Rudi nyuma kwenye ripoti mpaka siku ambayo hisa ziliuzwa kweli, weka bei ya siku hiyo kwa tarehe ya siku hiyo. Ukifungua hifadhi ya bei utaona hisa moja ni ya wiki hii na nyingine ni ya mwezi wa nyuma, na utajua ipi ukienda kwa dalali unapata pesa na ipi unapanga foleni.

Mara ngapi? Siku ya mwisho ya soko kila mwezi, na siku ya hauli. Wanaotaka kila siku wana muda, au wana hofu.

Na mwenye kutoa ripoti kwa PDF, ukisoma hapa: jedwali lilelile, faili la pili, CSV, tarehe mwaka mbele, bila koma za maelfu. Unalo tayari kabla hujalipaka rangi.