Uadui uwe na mzizi

Ndugu mwandishi, unasema riwaya za fantasia zenye wanaume wawili maadui wanaoishia kupendana zinachosha kwa kuwa mwisho unajulikana. Hapana, zinachosha pale uadui unapokuwa matusi matupu, maana busu moja linaufuta na kurasa zinazobaki zinakosa kazi. Wagombanie kitu ambacho wote wana haki nacho: kisima, kaburi la ukoo, kiapo.

Na hapa Goma mandhari yapo tayari. Chukua mazuku: hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama usiku kwenye mabonde ya lava. Aliyesimama anaweza kupumua, aliyelala anakufa. Basi majeruhi yuko chini, na adui yake lazima amwinue, amshike wima, kifua kwa kifua, mpaka upepo wa asubuhi uipeperushe. Hotuba ya nini tena?

Kosa kubwa ni kuwafanya wapenzi asubuhi hiyohiyo. Waone aibu kwanza, warudi kambini, wadanganye walikolala. Tena himaya zao zisiwachukie kwa kupendana kwao. Chuki hiyo msomaji wa namna yao anaijua mtaani, mpeni nchi ambamo ugomvi ni wa kisima tu.