Nipeni Saiwa, Mara Mbaki Nayo

Watu wakisikia naishi Nakuru na ninapenda mbuga, hutarajia niwape habari za Maasai Mara, au basi za ziwa letu hapa. Mimi huwatajia Saiwa. Hapo mazungumzo hukwama, maana hata wenyeji wa Kitale wapo wanaopita njia ya kwenda Kapenguria mwaka nenda mwaka rudi bila kukata kona kuingia.

Saiwa Swamp ndiyo mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu hivi za mraba. Simba hakuna, ndovu hakuna, wala gari haliingii. Unaliacha langoni, unakaza kamba za viatu, unashika njia. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, swala anayeishi ndani ya kinamasi. Serikali kutenga mbuga nzima ili swala mmoja mwenye haya apate pa kujificha ni jambo ambalo bado linanifurahisha, hasa nikikumbuka jinsi ardhi ya Trans Nzoia inavyopiganiwa. Ukisimama ukingoni unaona mahindi ya watu upande huu na matete upande ule.

Nzohe ana kwato ndefu zinazopanuka, ndiyo maana hazami kwenye tope. Nchi kavu anatembea kama aliyeazima viatu vya mtu. Akishtuka anajitosa majini na kuacha pua tu nje. Kwa hiyo humtafuti kwa kuzunguka. Unapanda jukwaa la mbao lililojengwa juu ya miti, unakaa, unanyamaza. Tulipanda alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matete, na kwa muda mrefu kilichokuwepo ni mbu na sauti za ndege. Nilipoanza kukusanya virago, kijana aliyetuongoza akaninong'oneza, "Mwalimu, ngoja kidogo. Tazama pale matete yanapotikisika, na hakuna upepo."

Akatoka jike. Mwekundu wa kahawia, mistari myeupe mgongoni, manyoya yamelowa hadi tumboni. Alivuta jani, akatafuna, akasita na jani likining'inia mdomoni, masikio yakigeuka moja moja. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Nyuma yake kulikuwa na kitoto ambacho sikukiona mpaka kilipopiga chafya. Hiyo chafya ndiyo iliyonimaliza. Nimeshaona simba wakiwa wamelala chali huku magari yamewazunguka kama matatu stejini, na sikumbuki hata mmoja wao alikuwa na sura gani.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mbuga ya kutembelea kwa miguu inakufundisha kutazama, ya kuzunguka kwa gari inakuzoesha kuhesabu. Kwenye gari dereva anapigiwa simu kwamba chui ameonekana mahali fulani, mnakimbizwa, mnapiga picha, mnageuza. Jioni mtu anakuambia ameona wanne kati ya wale watano wakubwa (simba, chui, ndovu, nyati na kifaru), kama anayesoma matokeo ya mtihani. Saiwa hakuna wa kuhesabu. Kuna nzohe, kuna korongo taji, na kuna kalasinga, yule tumbili mwenye ndevu nyeupe na utosi wa rangi ya chungwa, ambaye ukimwona mara moja huhitaji kuelezwa jina alilitoa wapi.

Sisemi Nakuru haifai. Hapa ni nyumbani, na ni miji michache duniani ambayo mtu ananywa chai ya asubuhi sokoni na saa moja baadaye anatazamana na kifaru. Ila inanichosha kusikia wageni, hata wenyeji, wakilalamika kwamba mbuga imekwisha kwa sababu heroe wamepungua. Ziwa lilifurika. Kuanzia miaka ya 2010 maji yalipanda mpaka lango kuu la zamani na ofisi zikamezwa, na hadi leo unaona migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Maji yalipozidi, magadi yakazimuliwa, na mwani ambao heroe wanaula unataka maji ya magadi. Ndege wakafuata chakula chao Bogoria na Elementaita. Mimi pia ningehama.

Waliobaki wanatosha. Vifaru, weusi kwa weupe, wako ndani ya ua unaoizunguka mbuga nzima. Twiga wa Rothschild nao ni wahamiaji, waliletwa mwaka 1977 kutoka Soy, kule karibu na Eldoret, mashamba yalipowabana. Na nyani, jamani. Pale juu ya mwamba unakotazama ziwa lote, nilimwona dume likiingiza mkono kwenye dirisha la basi la shule, likatoa kikapu, likakaa chini na kukifungua kwa utaratibu wa mama anayepakua. Chapati lilikula. Sukumawiki lilinusa, likaweka kando. Watoto walicheka hadi wakasahau kwamba hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha mchana.

Kisumu, kile kihifadhi cha swala pala kando ya ziwa ni kizuri kwa watoto na kwa mtu mwenye saa mbili tu. Zaidi ya hapo sina la kusema. Kakamega nenda kwa ajili ya mbega na miti yenyewe. Mlima Elgon ni habari nyingine kabisa: ndovu huingia usiku katika pango la Kitum, gizani, wakichokora ukuta kwa pembe ili warambe chumvi. Sijawahi kuwakuta, ila alama za pembe ukutani nimezigusa kwa vidole.

Inayonitia wasiwasi ni Ruma. Iko bonde la Lambwe, Homa Bay, na ndiyo mahali pekee Kenya alipobaki korongo, si yule ndege bali swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe na masikio marefu kama ya punda. Wamebaki wachache mno. Bonde lile mbung'o waliwazuia watu kwa miaka mingi, na kwa namna fulani wadudu hao ndio waliowatunzia swala makazi. Nilipofika nilikuwa peke yangu na dereva. Hatukumwona korongo hata mmoja. Tuliona taya, swala wadogo, wakirukaruka kwenye nyasi, na mlinzi langoni akatuuliza, kwa mshangao wa kweli, kama tumepotea njia.

Swali hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa la haki. Shule za Nyanza na Magharibi zinakodisha mabasi hadi Nairobi kumtazama mnyama kizimbani, na Ruma iko hapo. Mwalimu mwenzangu wa Homa Bay, ukipanga safari ya muhula ujao, lipia tikiti mapema kwa eCitizen, mfunge madirisha kwa sababu ya mbung'o, na mfike kabla jua halijakolea. Mkimwona korongo, niandikie. Nitakuonea wivu.