Kadi ya Zaka na Chumba cha Ndani

Siku alipofariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, swali la kwanza kuulizwa msibani halikuhusu ugonjwa uliomwondoa wala watoto aliowaacha. Katibu wa jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja majumbani, aliuliza iko wapi kadi yake ya zaka, ile inayoandikwa michango aliyoitoa kanisani. Haikuonekana. Mzee alikuwa amebatizwa na kufunga ndoa kanisani, na katika miaka yake ya mwisho miguu ilikuwa haimbebi tena. Lakini kwa kuwa daftari la mahudhurio ya jumuiya lilikuwa tupu mbele ya jina lake, padre hakuja. Alikuja katekista peke yake, akasali sala fupi kaburini, watu wakarusha udongo na kutawanyika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kwamba kanisani sitakanyaga tena, na kwa miaka minne nilikishika kiapo hicho.

Sikuacha kusali. Nilijiunga tu na wale wasemao kwamba Mungu yumo moyoni na kwamba dini ni mipango ya binadamu. Andiko letu lilikuwa Mathayo 6:6, pale Yesu anapomwagiza asaliye aingie katika chumba chake cha ndani na kufunga mlango. Jumapili asubuhi nilisikiliza Misa ya Radio Maria huku nikipiga pasi, na mahubiri yaliponichosha, au matangazo ya michango yalipoanza, nilipunguza sauti. Niliamini kwa dhati kwamba nimeipata dini ikiwa imekwisha kupepetwa.

Kasoro yake niliigundua polepole, tena kwa sababu ya shamba. Nilikuwa na ugomvi na kaka yangu juu ya mpaka wa shamba alilotuachia baba, na kila nilipoupeleka ugomvi huo mbele za Mungu, Mungu aliniunga mkono. Miaka minne hakunipinga hata mara moja. Katika chumba cha ndani hapakuwa na mtu wa kukohoa nilipojidanganya, wala bibi wa kuniuliza, kwa ile sauti ya upole inayouma, kama nimekwisha kwenda kumpa pole shemeji yangu anayeuguliwa. Na hata maneno niliyosalia hayakuwa yangu. Baba Yetu, Salamu Maria, litania, wimbo wa shukrani ulionijia nikiwa nimesimama ndani ya daladala, vyote nilivipata katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na katika kwaya ambayo wakati huo niliidharau. Nilikuwa nakula kutoka katika ghala lililojazwa na wengine, huku nikijisifu kwamba simtegemei mkulima.

Hata hivyo hasira yangu ya awali ilikuwa na haki, na sitaki ionekane kwamba nimeifuta. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa maziko ya kikanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani hadharani, wazushi na wafarakani wanaojulikana hivyo, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazoipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini; na panapokuwa na shaka, inaagiza aulizwe askofu. Asiyelipa zaka hamo. Asiyehudhuria jumuiya hamo. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo uzito wa kwanza, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapofahamiana kama majirani. Na kama jumuiya yetu ingeifanya kazi hiyo, mzee yule angekuwa ametembelewa miezi mingi kabla daftari halijafunguliwa. Kuligeuza jeneza kuwa njia ya kudai michango ni kosa, na kinachosikitisha ni kwamba hufanywa na watu wema kabisa.

Lakini kosa la daftari si hoja dhidi ya kukusanyika, na hapo ndipo nilipochanganya mambo mawili. Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, mapadre wa Kikatoliki, waliondoka Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, wakaenda Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, wakawaacha waamini wachache bila padre, bila Misa, bila ofisi ya parokia. Ungekuwa wakati mwafaka wa kila mtu kubaki na Mungu wake moyoni. Wao wakakusanyika: Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu, Andrea Kaggwa aliwapokea watu nyumbani kwake, na Mathias Kalemba Mulumba pamoja na Nowa Mawaggali walikuwa Mityana. Mapadre waliporudi Julai 1885 waliwakuta wameongezeka. Wote wanne waliuawa chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kabla mwaka haujaisha tangu siku hiyo, na mwaka 1964 walitangazwa watakatifu pamoja na wenzao 18. Hakuna kati yao aliyeulizwa kadi.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka nchi jirani, nami sina jibu lake kamili. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata, nchini Rwanda, waliuawa mle mle ndani, na wengi wa waliowaua walikuwa Wakristo waliobatizwa. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika maafa yale. Wapo wanaosema kwamba wauaji hawakuwa Wakristo wa kweli. Mimi naliona jibu hilo jepesi mno. Kwenda kanisani hakumfanyi mtu kuwa mwema. Ila simsahau pia Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyeongoza kituo cha Kanisa mjini Gisenyi, ambaye ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe, naye akakataa kuwaacha Watutsi aliowahifadhi, akauawa pamoja nao. Naye alilelewa na Kanisa hilo hilo.

Nilirudi mwaka juzi, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jumuiya ikisali uani kwa fundi cherehani mmoja. Injili ilisomwa na mama asiyeona vizuri, akaruka mistari miwili, na hakuna aliyemsahihisha. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye lolote, nilisimama nikaeleza habari ya yule mzee na Kanuni ya 1184, nikaisoma yote. Katibu aliiandika, akasema itapelekwa kanda, ngazi iliyo juu ya jumuiya, na hadi leo haijarudi. Kisha yule mama aliyesoma Injili akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote: “Na wewe, mwanangu, ulimtembelea lini?”

Nyumba ya mzee na yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja.