Viranja, njuka na hoja ya Nyerere

Ukianza mjadala wa mila za shule kongwe za bweni hapa Tabora, hachelewi kutajwa Nyerere. Alisoma Tabora Boys kuanzia 1937 hadi 1942, kwa hiyo, wanasema, viranja wakali, ukaguzi wa vitanda na njuka, yaani mwanafunzi mgeni, kutumwatumwa na wakubwa ndivyo vilivyompika. Hoja tamu, ila ina tundu.

Waingereza waliianzisha shule ile miaka ya 1920, wakiwalenga kwanza watoto wa machifu. Walitawala kupitia machifu, basi walihitaji warithi waliosoma, wanaojua kuamrisha na kutii. Wakaiga shule za mabwana wa kwao, hata ikaitwa Eton ya Tanganyika. Ukiranja ulikuwa mazoezi ya uchifu. Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Abdallah Fundikira, baadaye Mtemi wa Unyanyembe, naye alipita hapo. Kisha, mwaka 1963, serikali ya Nyerere huyohuyo ikafuta uchifu! Na mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akaikosoa elimu inayomtenga msomi na wakulima waliomsomesha. Kama mila zile zilimpika, hakuiva walivyotaka wapishi.

Halafu wanaosimulia utamu wa bweni ni waliomaliza. Aliyetoroka kidato cha kwanza haalikwi kwenye mahafali.

Hata hivyo, watetezi nao wana lao. Mtoto kutoka Urambo au Sikonge anayefika bwenini hamjui mtu. Mkubwa wa kumwonyesha bwalo, zamu na mahali pa kufulia ni msaada mkubwa. Kijana wa miaka 17 anayesimamia usafi wa bweni zima, na kusuluhisha ugomvi wa ndoo usiku wa manane, anajifunza uongozi ambao hakuna mtihani wa kidato cha sita unaoupima. Midahalo ndiyo kabisa, hiyo ningeiacha kama ilivyo.

Ila kumfulia mkubwa nguo na kumtekea maji kunamfundisha njuka kitu kimoja tu: kusubiri zamu yake ya kutuma. Kuhusu fimbo hata mjadala sioni. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na mwisho viboko 4. Kiranja hayumo.

Ningekuwa na sauti, ukiranja ungebaki, lakini njuka naye apige kura ya kumchagua kiranja, na mkubwa afue soksi zake mwenyewe.