Hizi ni Namba Ngapi?

Mwanafunzi wa umakanika hapa Kisumu utamjua kwa jerikeni. Unachukua jerikeni la mafuta ya kupikia, la lita 20, unalikata ubavuni ukibakiza mshikio, unatupa humo spana zako zote. Ukiitaka moja, unazimwaga zote chini na kuanza kutafuta. Waliokaa gereji muda mrefu huhamia ndoo ya rangi, ambayo ni jerikeni lililopandishwa cheo. Mimi nikaapa kwamba siendi atachimenti, yale mafunzo ya kazini, na jerikeni. Nilitaka kabati la chuma, lenye droo, magurudumu na kufuli.

Pesa zilikuwa za shangazi. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kibuye, na huniita baba kwa sababu nilipewa jina la marehemu baba yake. Jambo hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba hawezi kuninyima kitu waziwazi, maana atakuwa anamnyima mzee. Hasara ni kwamba akishanipa, anataka kujua mzee atakitumia vipi, lini na pamoja na nani.

"Sanduku la spana, baba? Na spana zimo ndani?"

"Hapana, shangazi. Spana ninazo."

"Kwa hiyo ni sanduku tupu."

"Ni kabati, shangazi."

"Kabati tupu."

Mwishoni mwa Machi tukashuka mjini kwa tuktuk, tukaingia duka moja la vifaa. Mlangoni palisimamishwa kabati jekundu la droo 7, jipya, linang'aa hata unajiona meno. Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, alimsoma shangazi kwa mkoba wake akaona hapa kuna biashara.

"Mama, hili ni geji 30. Wengine wanakuuzia geji 18, geji 20. Hili ni 30!"

Kijana wa watu hakujua anaongea na nani. Shangazi amejenga nyumba kwa mkono wake, na mtu aliyejenga Kenya ukimwamsha usiku wa manane atakutajia geji za mabati kabla hajakutajia majina ya watoto.

"Geji 30," akasema polepole. "Choo changu nimeezeka geji 28, na upepo wa ziwani ulikivua kofia. Wewe unataka mtoto aweke nyundo kwenye geji 30?"

Ndivyo ilivyo: geji huhesabiwa kinyumenyume. Namba ikipanda, bati linakonda. Geji 18 inazidi milimita moja, na kabati la kazi likiwa hapo, au hata geji 20, linakaa miaka. Geji 30 ni kama theluthi moja ya milimita. Nilibonyeza ubavu wa lile jekundu kwa kidole gumba, likasema "pong" na kubaki limebonyea. Muuzaji akanitazama kwa huzuni.

Nyuma kabisa, karibu na mifuko ya simiti, kulikuwa na kabati la kijivu la droo 5, mtumba kutoka Uingereza, kona moja imepigwa. Nikalifungua. Hapo ndipo nilipoanza kupumua vibaya, kwa sababu droo ilikuja yote mpaka mwisho, taratibu, bila kelele. Droo za bei rahisi huteleza bati juu ya bati. Ukizijaza spana zinakwama nusu, unavuta kwa mguu ukutani. Hizi zilikuwa na reli za beringi pande zote mbili. Ndani zimetandikwa mpira ili spana zisiteleze wala kupata kutu. Chini, magurudumu mawili yanageuka na yana breki, mawili hayageuki, kwa hiyo ukilisukuma linakwenda unakotaka wewe.

Nikavuta droo ya pili wakati ya kwanza iko wazi. Ikagoma.

"Hiyo imekwama kidogo," muuzaji akawahi kusema. "Nitakupunguzia."

Haikuwa imekwama. Makabati mazuri yana kifaa ndani kinachozuia droo mbili zisifunguke pamoja, kwa sababu zote zikitoka na mzigo wake, uzito unahamia mbele na kabati linakulalia miguuni. Yule kijana alikuwa anapunguza bei kwa ajili ya kitu ambacho watu huongezea bei. Nikainamisha uso. Shangazi hakujua lolote kuhusu kifaa hicho, lakini neno "imekwama" analijua, akalishika hapohapo kwenye shilingi 32,000 na hakuliachia mpaka 26,000.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitilia maanani. Alifungua droo ya tatu, akaifunga. Akaifungua tena. Akaingiza pua.

"Baba, panya anaweza kuingia hapa?"

"Wapi! Hata kidogo," nikasema kwa fahari, kana kwamba nimelitengeneza mimi.

"Mende?"

"Hana pa kupita."

"Na unyevu?"

"Shangazi, kuna hadi mpira."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikadhani ananihoji kwa sababu anajali masomo yangu.

Sasa, mtu asiye wa huku ziwani lazima aelezwe kidogo. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili zizaane. Mwenye omena kavu iliyotunzwa vizuri miezi hiyo ni tajiri mdogo. Mwenye omena iliyoingia panya au ukungu ni mtu wa kuhudhuria maombi. Na shangazi, msimu uliotangulia, panya walikuwa wamemfilisi gunia zima.

Wiki ya kwanza ya Aprili nikarudi kutoka chuoni, nikakuta spana zangu zimelala mbilimbili kwenye droo za juu, na droo tatu za chini zimejaa omena ya daraja la kwanza, ile iliyokaukia juu ya wavu, haina hata chembe ya mchanga. Nikalalamika. Akaniuliza kabati lilinunuliwa na pesa gani. Nikasema za omena. Akaniuliza basi kosa la omena ni nini.

Tukasikizana: siku nikianza atachimenti, inahama.

Atachimenti ilianza Mei, Jumatatu, gereji moja si mbali na Kibuye. Jumapili jioni shangazi mwenyewe aliihamisha omena kwenye beseni mbili sebuleni. Nikapanga vyombo vyangu kama nilivyoota: bisibisi na plaisi juu, spana droo ya pili kuanzia namba 8 mpaka 24, soketi na racheti ya tatu, nyundo na vitu vizito chini kabisa. Nikapiga kufuli, nikatundika ufunguo kwenye msumari, nikalala.

Usiku ikanyesha ile mvua ya masika inayotoka ziwani na hasira zake. Na juu ya beseni, bahati mbaya, palikuwa na msumari wa bati uliolegea (geji iwe nzuri namna gani, msumari ukilegea geji haina la kusema). Tone la kwanza lilimwamsha shangazi. Mimi halikuniamsha hata la elfu. Alipoangaza kwa tochi ya simu aliona vitu viwili: mtaji wake unalowa, na kabati lisiloingiza maji. Mengine mnaweza kuyakisia. Akatoa spana na soketi, akaingiza omena iliyokuwa bado kavu, akafunga, akarudisha ufunguo kwenye msumari. Hakuniamsha kwa sababu, alivyosema baadaye, "mzee alikuwa amelala vizuri."

Alfajiri alishaenda sokoni. Mimi na mwenye mkokoteni tukalipakia kabati. Nyundo zilikuwa bado chini, lilikuwa zito vya kutosha. Tukaondoka.

Siwezi kueleza jinsi nilivyoingia gereji ile. Wenzangu watatu wa atachimenti walikuwa wamesimama na majerikeni yao. Mimi nikaingia nikisukuma kabati la kijivu kwenye matope, ovaroli imepigwa pasi. Mafundi wakaacha kazi. Mmoja akapiga mluzi. Hata fundi mkuu, mzee asiyecheka na mtu kabla ya chai, alilizunguka, akaligonga ubavuni, akasema, "Hili ni chuma."

Kulikuwa na Probox ambayo mkanda wa alteneta ulikuwa unalia kila ikiwashwa, na asubuhi ya mvua mkanda uliolegea hulia zaidi. Mwenyewe alikuwa na haraka. Fundi mkuu akainama kwenye injini, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama daktari wa upasuaji.

"Kijana wa kabati. Lete 14."

Nikatoa ufunguo taratibu, ili kila mtu auone. Nikavuta droo ya pili. Ilikuja yote, bila sauti, kwa ule utulivu wa beringi.

Omena. Ukingo kwa ukingo. Zote zimelala zikinitazama.

Mkono wa fundi mkuu ulikuwa bado umenyooshwa. Kimya changu kilipozidi, akageuka. Akatazama droo. Akachukua moja kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga.

"Hizi ni namba ngapi?"

Gereji nzima ikaanguka. Kuna jamaa wa rangi alilala chini kabisa na ovaroli yake. Mimi nikafunga ile, nikafungua ya tatu kwa haraka, nikitumaini soketi ziniokoe. Omena. Wakati huo mmoja wa wale wa jerikeni alishamwaga spana zake chini, akaiona 14 papo hapo, akampa fundi mkuu kwa heshima zote mbili, ya mkono wa kulia na ya kushoto.

Ningejificha, lakini harufu haifichiki. Paka wa kwanza alitokea chini ya lori bovu. Halafu akaja mama mwenye kibanda cha chai upande wa pili wa barabara, akiwa ameshika mwiko.

"Hiyo ni omena? Mwezi wa Mei?"

"Si ya kuuza, mama."

"Gorogoro ni ngapi?"

"Mama, mimi ni makanika."

"Nimeona. Gorogoro ni ngapi?"

Nikataja bei ili aondoke. Hakuondoka. Alienda kuleta gorogoro lake, lile kopo la kupimia, na akarudi na jirani zake. Baada ya muda mfupi palikuwa na foleni, na mimi, mwanafunzi wa umakanika, nimevaa glavu za girisi, napima omena kwenye droo ya pili. Wale paka walishakuwa watano.

Sasa fundi mkuu akataka nyundo, na nyundo zangu zilikuwa chini kabisa. Akavuta droo ya mwisho. Ikagoma, maana mama mmoja alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye ile ya pili anachagua.

"Hili kabati limekwama!"

"Halijakwama, mzee. Ni usalama. Zinafunguka moja moja."

"Mama, funga hapo nichukue nyundo."

"Ngoja kwanza, fundi. Sijajaza."

"Nina gari kwenye jeki!"

"Na mimi nina watoto nyumbani."

Fundi mkuu akasubiri. Mzee ambaye mafundi tisa humtetemekea alisimama kwenye foleni ya omena akisubiri nyundo, na alipofika mbele nadhani alisahau alichofuata, kwa sababu na yeye alinunua gorogoro moja. Mwenye Probox, mkanda wake ukiwa umeshakazwa, akafungiwa ya kwake kwenye gazeti, kutoka droo ya tatu.

Nilimpigia shangazi. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba spana ziko salama, amezitia kwenye sufuria ya ugali na kuzifunika. Cha pili aliuliza mbona kuna kelele za wateja. Nikamwambia. Akakata simu.

Alifika na bodaboda, amekaa kiubavu, sufuria magotini. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwenye droo, akaona mpira mtupu, akanigeukia.

"Baba, umeuza gorogoro kwa ngapi?"

Nikamtajia.

"Hiyo ni bei ya Machi!" Akashika kiuno. "Mei umewauzia bei ya Machi?" Akawatazama wale akina mama mmoja mmoja, nao wakaanza kukumbuka kazi zao. Kisha akaketi kwenye tairi, akafungua droo ya chini kabisa nyuma ya nyundo, ambako kumbe alikuwa ameficha mfuko mwingine, na akaendelea na biashara kwa bei halali. Fundi mkuu hakumfukuza. Nilimsikia akimwita "mama yetu".

Kesho yake asubuhi nilikuwa nazipanga upya soketi, nikahesabu mara mbili. Ya 10 haikuwepo. Sikushangaa, ya 10 hupotea hata kwa watu wasiouza samaki. Kabla sijamaliza, yule mwenye Probox akaingia mbio kwa miguu, jasho linamtoka, ameshika leso iliyofundikwa.

"Fundi, gari nimeliacha nyumbani. Nimeogopa kuliwasha." Akafungua leso. Ndani kulikuwa na soketi yangu, imeoshwa ikang'aa. "Mke wangu amekuta hii. Sijui imetoka sehemu gani ya injini, na sijui imeingiaje jikoni."

Fundi mkuu aliichukua, akaigeuza, akainusa. Akanitazama mimi kwa muda. Akamtazama mteja.

"Gari lilikufikisha vizuri?"

"Vizuri, mzee. Hata mkanda haulii."

"Basi hii si ya lazima sana." Akaitia mfukoni. "Lakini umefanya vyema kuileta."

Mteja akashusha pumzi, akajifuta jasho kwa ileile leso. Kisha akamgeukia shangazi, ambaye alishafika na alikuwa tayari amefungua droo.

"Nipimie gorogoro moja, mama. Ila ya leo uipepete kwanza."